Umeme Usiokatika

Nilijishona kidole. Cha shahada, mkono wa kushoto: sindano ikapita kwenye ukucha na uzi ukafuata, wa bluu, rangi ya sare za shule. Mguu ulikuwa bado umekanyaga pedali, maana nilikuwa nimesinzia macho wazi.

Kosa lilianzia Mbale. Kule mtaani Nabuyonga, nilikojifunzia ushonaji baada ya sekondari, sikuwahi kujipangia mapumziko, umeme ulinipangia. Ukikatika, cherehani zinanyamaza, tunanyoosha migongo, tunakunywa chai, tunasengenya. Ukirudi, tunalalamika kidogo, tunainama tena. Nikajiona mtu mwenye nguvu. Kisha nikahamia Mafubira, huku Jinja kwenye bwawa la umeme, na mtaani kwetu umeme haukatiki ovyo. Nikashona, nikashona, nikingoja giza linipe ruhusa ya kusimama.

Daktari alisema mfupa haukuguswa, lakini nikirudia, kidole hakitakunjika tena. Na fundi asiye na kidole cha kuongozea kitambaa ni mtazamaji tu.

Jirani yangu, mama askari magereza kutoka kaskazini, alikuja kunipa pole. Aliposikia sijawahi kuuona mto, mimi ambaye tangu nihamie safari yangu ndefu ni ya kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo, akaniburuta.

Tulisimama ukingoni, chini ya bwawa. Maji yalikuja meupe, yakajikunja, yakanguruma mpaka nikayasikia kwenye meno na ndani ya bandeji. Kumbe haya ndiyo yaliyokuwa yakizungusha cherehani yangu, nami nikishindana nayo kwa kijiti hiki cha kidole.

"Haya hayachoki, afande," nikasema.

"Maji haichoki. Mashine inachoka." Kabla ya kuvaa sare aliwahi kuwapikia chai mafundi wa bwawani. "Wanazima moja, wanaiacha ipoe, wanaikagua. Zingine zinazunguka. Wewe uliona giza?"

Sikuwa nimeliona. Nikautazama ukuta wa bwawa upya, na mwili ukanisisimka kuliko mwanzo: humo ndani chuma kikubwa kuliko nyumba yangu huenda kilikuwa kimelala, na mji mzima unawaka taa bila habari.

Nikamwahidi kwamba nami nitapumzika, nikishamaliza zile sare zilizobaki. Akanitazama kama anavyowatazama wafungwa wake.

"Fundi, umeme si bwana yako. Ukichoka, zima."