Usingizi wa Maombi

Janvier alikimbia vita mashariki mwa Kongo, akafika mji wa Fridley, ughaibuni, na kupata kazi ya kuchomelea vyuma kiwandani. Binti yake, Maombi, alizaliwa huko Fridley na hajawahi kusikia mlio wa bunduki. Hata hivyo, alipofika miaka minne, alianza kupiga mayowe usingizini, macho wazi, kama mtu anayechinjwa.

Mara ya kwanza Janvier alidhani wavamizi wameingia. Alikamata kisu cha jikoni, akaupiga mlango teke, akamkuta mtoto peke yake akirusha ngumi hewani. Alipomkumbatia, Maombi alimng'ata shavu mpaka likatoka damu, kisha akamgonga puani kwa kichwa. Kadiri alivyombana, ndivyo mtoto alivyozidi kupigana.

Jumapili kanisani, Kerubo, nesi Mkenya anayesali nao, alimuuliza kuhusu uso wake. Janvier alimweleza yote, hata habari ya kisu.

"Usimshike wala usimwamshe, Baba Maombi," Kerubo alisema. "Hakuoni, bado yumo usingizini. Ondoa vitu vya kumuumiza, kaa karibu, ngoja ipite. Na visu vifungie kabatini."

Usiku ule mayowe yalirudi. Janvier aliondoa kiti, akaweka mto ukutani, akaketi sakafuni. Maombi aliupiga mto mateke, akamkwaruza baba yake shingoni, akalia sana. Kisha akalegea, akalala.

Asubuhi aliikodolea macho ile mikwaruzo.

"Papa, nani alikupiga?"

"Nilijikwaruza tu, mwanangu."

Maombi aliridhika, akaomba uji.