Kilichotoka Kinywani mwa Kocha Threadgill

Lamar Threadgill hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo ndilo linalowashangaza watu wa mji wetu wa Cullers mpaka leo. Mropokaji akiharibu kwa mdomo, watu husema ndivyo alivyoumbwa. Lakini Lamar alikuwa mtu wa kukaa jukwaani na kofia yake, anamenya karanga za kuchemsha, mechi inaanza mpaka inakwisha hujasikia sauti yake. Tulimwita Kocha kwa sababu aliwahi kufundisha timu ya sekondari yetu, ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi. Hata alipoacha kufundisha, akaajiriwa na timu ya kulipwa huko kaskazini awe msaka vipaji wao, jina hilo halikumbanduka.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka vyuo vya Alabama na Mississippi kuwatazama wabeba mpira, wale vijana wanaokabidhiwa mpira na kujitosa nao katikati ya majitu, kisha kuwaambia wakubwa wake yupi atafaa na yupi atavunjika. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Chuoni kijana anaweza kung'ara kwa sababu wenzake wa mbele wanamfagilia njia pana kama barabara kuu. Akifika kwa wanaolipwa, njia hakuna. Kuna upenyo tu, nao unafunguka na kufumba kama jicho.

"Mbio kila mtu anazo," Kocha alikuwa akisema. "Nionyeshe kijana anayejua kungoja."

Alimaanisha yule anayeweza kupunguza mwendo mpira ukiwa kifuani, huku watu wanamjia kumbomoa, akangoja upenyo utokee. Tena alitazama jambo ambalo sisi wa jukwaani hatuna habari nalo: kijana anafanya nini asipokuwa na mpira? Anasimama kumkinga mrusha mpira wao, au anajifanya ameteleza?

Kwa miaka mingi jicho lake halikumwangusha. Kisha akampendekeza kijana mmoja wa Mississippi, mwenye miguu kama mashine, na kijana yule alipofika kaskazini akanenepa, akawa anaangusha mpira kila akiguswa. Mkubwa wa Kocha huko, bwana mmoja aitwaye Kessler, hakulisahau. Kila kikao alimkaribisha Kocha kwa utani wenye miiba.

"Lamar, kiti chako hiki hapa. Umekiona, au nikushike mkono?"

Wengine walicheka. Kocha naye alicheka, kisha akirudi nyumbani anakaa kimya hata mkewe Verlene amsemeshe mara mbili. Alikuwa amekaribia umri wa kustaafu, na alianza kuogopa kwamba atakumbukwa kwa yule mnene tu.

Mwaka uliofuata ndipo jina la Kendarius Moseley lilipoanza kuvuma. Huyo ni mtoto wa hapahapa Cullers, aliyelelewa na Bi Odessa, bibi yake mzaa mama. Chuoni kwake alibeba mpira kuliko wote, na hapa mjini kila kinyozi na kila mchungaji alishamchagulia timu. Kocha hakutaka kuchukuliwa na kelele hizo. Majira yote ya baridi alijifungia sebuleni na video za mechi, anatazama hatua moja, anairudisha, anaitazama tena. Verlene anasema siku moja alimkuta anatabasamu peke yake.

"Umeona nini?" akamuuliza.

"Anangoja," Kocha akasema. "Huyu mtoto anangoja kama mtu anayesubiri chai ichemke."

Na alikuwa anakinga pia. Kulikuwa na mechi ambapo jitu la upande wa pili lilimjia mrusha mpira wao likiwa huru kabisa, na Kendarius akajitupa chini ya mbavu zake, akainuka na midomo inavuja damu. Kocha aliirudia hiyo kama mtu anayesikiliza wimbo.

Kasoro ilikuwa moja. Katika mwaka wake wa pili chuoni, katikati ya msimu, Kendarius alitoweka wiki kadhaa. Chuo kilisema ni mambo ya kifamilia, basi.

"Mambo gani?" Kessler akauliza kwenye simu. "Goti? Bangi? Polisi? Sichagui mtu mwenye pengo. Wewe si mtu wa huko? Nenda ukajue."

Akaenda. Alikwenda Jumapili baada ya ibada, na hakwenda na koti la timu, alikwenda na suti yake ya kanisani. Bi Odessa alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Mtoto wa Hattie," akasema. Hattie alikuwa mama yake Kocha, marehemu, na wawili hao waliimba pamoja kwaya tangu usichana. "Ingia, mwanangu. Umekonda. Verlene hakupikii?"

"Ananipikia, mama. Nachagua tu."

"Hapa huchagui."

Akampakulia kuku wa kukaanga, sukuma wiki iliyopikwa na mfupa wa nguruwe, na mkate wa mahindi. Wakazungumza habari za Hattie, habari za paa la kanisa, habari za nani kaoa nani. Kocha akala, akaongezewa. Halafu, akiwa na kitambaa cha mkono mdomoni, akauliza kwa sauti ya chini, kama jirani anavyouliza:

"Ule mwaka Kendarius alirudi nyumbani, mama, alikuwa anaumwa nini?"

Bi Odessa akaangalia mlango wa chumba cha ndani kana kwamba kijana bado yumo.

"Alikuwa anaumwa kifo cha mama yake," akasema. "Binti yangu alipokufa, mimi nililia. Yeye hakulia. Alikuja akaingia mle, akafunga pazia, akawa hali chakula. Siku moja akaniambia, bibi, sitaki kuamka tena. Nikamshika hivi. Sikumwachia mpaka mchungaji alipokuja tukampeleka hospitali. Walimkalisha huko, wakazungumza naye, wakampa dawa. Akarudi kidogo kidogo. Hata darasani akarudi, hata uwanjani." Akatabasamu. "Watu wanamsifu kwa kukimbia. Mimi namsifu kwa kuinuka kitandani. Sijamwambia mtu, mwanangu. Nakwambia wewe."

"Nimesikia, mama," Kocha akasema.

Alipofika kwake alimwambia Verlene jambo lile halimhusu mtu. Alimwambia atasema kijana alifiwa, na kufiwa si ugonjwa. Verlene anaapa kwamba ndivyo alivyokusudia, nami namwamini.

Kikao cha kuamua nani wa kuchaguliwa kilifanyika kaskazini, theluji ikiwa imefika madirishani. Walikaa watu wengi kwenye meza ndefu, na zamu ya Kendarius ilipofika Kocha alisimama akamweleza vizuri: anavyongoja, anavyokinga, anavyopokea mpira wa kurushwa bila kuutazama mara mbili. Alisema mwili wake haujachakaa. Alisema atacheza miaka.

"Na lile pengo?" Kessler akauliza.

"Alifiwa na mama yake."

"Watu wanafiwa Jumanne na kucheza Jumamosi. Wiki zote zile?" Kessler akawageukia wengine. "Lamar kaenda mpaka kwao, kala kuku wao, karudi na cheti cha kifo. Mwaka jana alituletea pipa. Mwaka huu sijui ni gunia la nini."

Wakacheka. Kijana mmoja mgeni, aliyekuja na tarakilishi na mahesabu yake, naye akacheka kwa kuwa wenzake wanacheka. Na Kocha, aliyekaa kimya maisha yake yote, akasema:

"Najua kilichokuwepo. Ninyi hamjui, mimi najua. Bibi yake kaniambia mwenyewe. Kijana alitaka kujiua. Alilazwa."

Kessler akaitikia kwa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu habari ya yule mnene, akamtazama kwa heshima.

"Sawa," akasema. "Hii ndiyo kazi niliyokutuma."

Kocha alimwambia Verlene baadaye kwamba raha ile aliisikia, haikumpita. Ilidumu muda wa kukaa kitini. Kisha akakumbuka mkono wa Bi Odessa ukimwongezea mkate, akainuka kwenda msalani, akafungua maji asisikike analia.

Maneno hayana mlango. Wasaka vipaji wa timu mbalimbali hulala hoteli moja, hunywa baa moja. Mwezi wa nne, zilipofika siku tatu ambazo timu za kulipwa huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi kwa raundi, Bi Odessa alikuwa amewaalika watu uani kwake, runinga imetolewa nje, nyama imeanza kuokwa tangu alfajiri. Raundi ya kwanza ikapita bila jina lake, tukasema si kitu. Kesho yake ikapita ya pili na ya tatu. Siku ya mwisho watu walianza kuaga mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, na nyama ikabaki. Kendarius alikaa kwenye kiti cha plastiki, simu iko pajani. Ikalia mara moja tu, mtu wa timu fulani. Akasikiliza, akasema, "Nani kakwambia?" Kisha akasema, "Hapana, bwana, niko salama," akaizima. Akamtazama bibi yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, kijana wa watu, mbele ya majirani ambao hata hawakujua ni aibu ya nini.

Bi Odessa alijua palepale. Alikuwa ameliambia sikio moja tu.

Kocha hakuwepo uani. Alisema ana kazi. Alikuwa nyumbani anatazama matangazo hayohayo kwenye runinga yake, na jina la mwisho liliposomwa akachukua simu yake. Hapo ndipo alipoongeza kosa juu ya kosa. Aliwapigia wasaka vipaji wenzake wa timu nyingine, mmoja baada ya mwingine, kuwasihi wampe kijana nafasi ya majaribio. Kwa kila mmoja alisema, "Yale mliyoyasikia juu ya kichwa chake yasiwatishe, alishapona." Na wengi wao wakauliza, "Yapi?" Walikuwa hawajasikia chochote. Walikuwa wamempita Kendarius kwa sababu zao nyingine, ama walishapata wabeba mpira. Ikabidi aeleze, au akate simu, na kukata kulisema zaidi. Mpaka anaitua simu mezani, siri ya Bi Odessa ilikuwa imefika miji ambayo mama huyo hakuwahi kuisikia, na wiki iliyofuata ikarudi Cullers kwa mdomo wa mtu wa redio.

Verlene ndiye aliyemwambia, "Sasa nenda kwa yule mama. Usitume mtu."

Akaenda. Bi Odessa alikuwa barazani anachambua maharage. Hakumwambia ingia. Alimwonyesha ngazi, Kocha akakaa hapo kama mtoto, kofia mkononi.

"Nimekukosea, mama," akasema.

"Ndiyo."

"Walinicheka. Nikataka—"

"Usinieleze ulichotaka." Mikono yake haikuacha maharage. "Ulikuja na suti ya kanisani. Ungekuja na koti la timu ningekujibu kama mtu wa timu. Ningekwambia kijana alifiwa, na ningekupa maji. Wewe ukaniuliza kama mtoto wa Hattie."

Kocha akaokota punje ya harage iliyodondoka ngazini, akairudisha bakulini.

"Anadhani mimi ndiye nimemuuza," Bi Odessa akasema. "Hasemi, lakini hanitazami machoni. Nimemlea tangu ananyonya."

"Nitamwambia ni mimi."

"Anajua ni wewe. Lakini wewe ulitoa wapi?" Akasukuma bakuli pembeni. "Nenda nyumbani, Lamar. Sitakusema kanisani. Usidhani ni kwa ajili yako, ni kwa ajili ya mama yako."

Alimtafuta Kendarius kwenye uwanja wa sekondari, ambako kijana alikuwa anapanda na kushuka ngazi za jukwaa kwa mazoezi. Akamweleza yote, mpaka kicheko cha kikaoni. Kendarius alisikiliza huku amejishika kiuno, anahema.

"Uwanjani uliniona vipi?" akauliza.

"Nilikuona mzuri kuliko wote niliowatazama mwaka huu."

"Hilo ulilisema?"

"Nililisema kwanza."

Kendarius akafuta jasho kwa fulana. "Ungekomea hapo, Kocha," akasema, akarudi kwenye ngazi.

Timu moja ya magharibi ilimwita majaribioni, kupitia mwalimu wake wa chuo, si kupitia simu za Kocha. Alibaki huko misimu miwili. Alicheza kidogo, zaidi alikuwa mkingaji, kisha bega likamtoka na wakamwacha. Kama angechaguliwa mapema, akapewa muda na madaktari wazuri, ingekuwaje? Kocha ndiye mtu pekee hapa mjini aliyekuwa na jicho la kujibu, na hajibu. Kendarius sasa anafundisha sekondari huko mjini Mobile, ameoa. Na bibi yake walipatana, ilichukua muda. Krismasi huja na mkewe, utamwona amemshika bibi yake mkono wakiingia kanisani.

Kessler alimwongezea Kocha mkataba. Kocha aliukataa, akastaafu kabla ya wakati wake. Hakufanya sherehe. Siku hizi akija mechini hukaa upande wa wageni, ambako hakuna wa kumuuliza chochote. Mama mmoja alimfuata huko akiwa na mwanawe, akaanza kumsimulia shida za nyumbani ili amwonee huruma, ampendekeze kijana. Kocha akainua kiganja.

"Usiniambie hayo, dada. Nitamtazama akicheza. Mengine usimwambie mtu kama mimi."

Krismasi iliyopita walikutana dukani, yeye na Kendarius, kwenye foleni. Kendarius akavua kofia. "Habari za nyumbani, Kocha? Bi Verlene hajambo?" Kocha akajibu hajambo. Kendarius akamtakia sikukuu njema, akalipa, akaenda zake.

Kocha alirudi kwake bila maziwa aliyotumwa. Alimwambia Verlene angependa kijana yule amtukane walau siku moja. Verlene akavaa koti, akaenda kuyanunua mwenyewe.