Retraite Yangu Ilirudi Nyuma Nikiwa na Mikro Mukononi

Sitajificha: mimi ndiye ule maman mwenye mutaa wetu yote ya Nyalukemba inacheka, mwenye aliaga kazi samedi (jumamosi), na lundi (jumatatu) akaonekana tena ku biro, kazini kwake.

Nilikuwa secrétaire, karani wa serikali, tangu ningali binti. Retraite, ile kustaafu yetu sisi wazee, walikuwa wanaisogeza kila mara (ati mungoje kidogo, serikali bado haijajipanga), mupaka mwaka huu wakasema safari hii ni kweli, munaenda kupumuzika. Ile furaha! Dada yangu akatoka Nyangezi na mbuzi, wenzangu wakanishonea kikwembe, tukaomba sale, ukumbi wa parokia, na shefu wangu mwenyewe akakaa mbele, na kravati ku shingo.

Ningekula tu mbuzi nikanyamaza. Lakini wakanipa mikro ya kusemea, "Maman Jacqueline, utuachie neno," na mimi nikajiambia, huyu shefu sasa ataniogopesha na nini? Nikasema. Nikasema shefu analala mu biro mudomo wazi, na watu wanamungoja ku mulango tangu asubui, nikasema kila rapport yenye alisifiwa kwa wakubwa niliandika mimi, na vile watu walikuwa wanapiga makofi nikaongeza hata namna anakoroma. Nikamuiga, ndani ya mikro!

Ni pale papa Déo, mwenye anashugulikia wafanyakazi, akanikaribia na simu yake, akaninongoneza ku sikio (mikro ingali wazi, sale yote ikasikia): "Maman, wamebadilisha tena. Retraite imesogezwa. Lundi unarudi ku kazi."

Dada yangu akalia kwa nguvu: "Na mbuzi yangu?"

Shefu akasimama, akanyoosha kravati. "Basi, maman, lundi. Usichelewe."

Nilitamani simenti ipasuke inimeze.

Lundi nikavaa kikwembe kipya, nikaingia kichwa juu. Shefu akaniita mbele ya wote: "Utaniomba pardon."

Nikamujibu: "Shefu, ya kukuiga kukoroma, pardon. Ile ingine yote iko kweli, siiondoi."

Akaingia mu biro yake, akafunga mulango. Mupaka leo kazi yangu ananitumia kupitia papa Déo.

Mimi nimeapa: sitangoja tena sherehe ya kuaga ndipo niseme kweli. Yenye kuwa mu roho nitaisema mchana, ku kazi, mutu angali na nguvu ya kunifukuza. Na siku retraite itakuja kweli, musiniletee mikro; nitabeba sakoshi yangu nitoke.