Godoro Kavu

Mtoto wa mdogo wangu alikuja kukaa kwangu akiwa na miaka saba. Alishuka na begi moja la nguo na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, ambao nyanya yake alikuwa ameufunga mara tatu ili harufu isitoke, na harufu ikatoka vilevile. Mama yake alikuwa amepata kazi ya nyumbani Uarabuni, mkataba wa miaka miwili. Nyanya alibaki Usenge, kando ya ziwa, na samaki wake. Mimi nilikuwa mwalimu wa chekechea, nimepanga vyumba viwili katika ploti moja huko Kondele, Kisumu, kwa hiyo watu wa kwetu hawakuwa na mjadala mrefu. Mtoto apelekwe kwa mwalimu.

Asubuhi ya kwanza nikakuta godoro limelowa. Ya pili pia. Nilipompigia simu mama yangu, nyanya yake, alicheka. Akaniambia hata Usenge alikuwa anakojoa tangu mama yake aondoke, na kwamba yeye huanika mkeka pamoja na nyavu za omena na kuendelea na shughuli zake. "Ataacha," alisema. "Wewe uliacha lini? Mbona sikukuuliza?"

Jibu hilo sikulipenda. Nilikuwa na cheti. Chuoni tulifundishwa kwamba tabia ikituzwa hukua, na ikimpotezea mtoto kitu hufa, na somo hilo nililipasi vizuri sana. Darasani nilikuwa na nyota za karatasi, na mtoto aliyetulia nilimbandikia moja kwenye paji la uso. Watoto thelathini walikaa kimya kwa ajili ya kipande cha karatasi ya dhahabu. Sikuona kwa nini mmoja anishinde.

Nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikachora miraba upande wa nyuma, nikaitundika nyuma ya mlango. Godoro likiamka kavu, nyota moja. Nyota sita kwa wiki, Jumamosi tunakwenda ufuoni kwa wale mama wanaokaanga samaki, na anapata ngege mzima, wake peke yake, wa kutogawana na mtu. Godoro likiwa limelowa, analibeba mwenyewe. Analitoa nje, analipitisha mbele ya mfereji ambapo wanawake wa ploti wanateka maji, na analianika kwenye ua unaotazama barabara.

Sikumpiga. Nataka hilo lijulikane, na nataka pia ijulikane kwamba nilijificha nyuma ya hilo miaka mingi. Majirani zangu walikuwa wakiwachapa watoto wao kwa kipande cha mpira wa maji, nami niliwasikia na kuwadharau. Mimi nilikuwa na mbinu.

Godoro lilimzidi. Alilikunja, akalitwika kichwani, akalishika kwa mikono yote miwili, nalo likamwangukia mbele hadi machoni, akawa anatembea akitazama vidole vya miguu yake. Watoto wa ploti walimfuata wakimwimbia. Nami nilisimama mlangoni na kikombe changu cha chai, uso mtulivu, kwa sababu chuoni walisema mtoto asione hasira. Na kweli sikuwa na hasira. Nikikumbuka sasa, hasira ingekuwa afadhali.

Mama mmoja aliyekuwa akipika mandazi karibu na geti alinisimamisha siku moja.

"Mwalimu, huyo mtoto bado ni mdogo. Hiyo godoro ni mzito."

"Sijamgusa hata na kidole," nilimwambia.

"Sijasema umemgusa." Akageuza mandazi yake. "Nimesema ni mzito."

Nilimwona mtu asiyesoma. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na sitajipamba.

Wiki ya kwanza alipata nyota mbili. Ya pili, moja. Jumamosi nilikaanga ngege wangu nyumbani, nikamwekea yeye omena, tukakaa meza moja. Alikula omena zake akinitazama ninavyochambua mgongo wa samaki, na nilipomaliza akaondoa sahani zote mbili na kwenda kuziosha.

Wiki ya nne, nyota sita.

Nilikaribia kucheza. Tulikwenda ufuoni, nikamwagizia ngege mkubwa mwenye mkia unaotoka nje ya sahani, na ugali, na sukuma wiki. Alimla kama anavyokula mtu wa ziwani: nyama, mashavu, macho, hadi mifupa ikabaki myeupe. Mikono yake ilinuka samaki na ndimu, akawa anainusa njia nzima. Wiki iliyofuata, sita tena. Na iliyofuata. Mdogo wangu alipopiga simu nikamwambia, "Ameacha. Ni mbinu tu." Akalia kwa furaha huko alikokuwa. Akasema, "Wewe ni mwalimu kweli."

Niliwasimulia walimu wenzangu wakati wa chai. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama na kuwaeleza hatua kwa hatua, kalenda, nyota, na godoro kubebwa na mwenyewe, na mama wawili wakaandika. Sijui waliyoyaandika yaliwafikia watoto gani. Huwa nalifikiria hilo ninapopita barabarani asubuhi na kuona godoro juu ya ua.

Katika siku hizo alianza kukohoa. Nikanunua dawa ya kifua. Midomo yake ilipasuka, na usiku akawa anaacha kikombe chake cha maji kimejaa, nami nikamsifu kwa akili hiyo, katika joto hili la Kisumu. Mwalimu wake akaniambia anasinzia darasani. Nikamnyang'anya nyota moja kwa kusinzia. Sabuni ya kufulia ilikuwa inaisha haraka, nikamshuku jirani wa mlango wa pili.

Kisha nikaamua kumwongezea zawadi. Nilikwenda sokoni Kibuye, nikamnunulia shuka jipya la buluu lenye maua, bado limo ndani ya nailoni yake. Nikalitandika mwenyewe Jumapili kwenye kitanda chake, nyuma ya pazia pale sebuleni. Alhamisi niliwahi kurudi nyumbani kwa sababu shule yetu ilikuwa imekosa maji. Yeye alikuwa bado hajatoka shuleni kwao. Nilifungua pazia kutafuta beseni, na nikaona kitanda kimetandikwa vizuri, nikajisemea, tazama alivyo nadhifu huyu. Nilikuwa nimeshainama nilipotambua ninachokiona. Shuka lilikuwa bado na mistari ya mkunjo wa dukani. Miraba yote, iliyosimama, kutoka kichwani hadi miguuni. Siku nne.

Chini ya kitanda, nyuma ya beseni, kulikuwa na gunia la mahindi lililokunjwa mara nne. Lilikuwa bichi. Nililivuta, na harufu ikaniambia yaliyobaki. Simiti chini yake ilikuwa imesuguliwa hadi imekuwa nyeupe kuliko sakafu yote ya nyumba, na hapo ndipo sabuni yangu ilikuwa ikiishia. Hakuwa ameacha kukojoa hata siku moja. Alikuwa analala kwenye simiti juu ya gunia, anaamka kabla yangu, anapiga deki, anavaa yunifomu, ananisubiri nije niguse godoro. Mimi nilikuwa nimeomba godoro kavu, naye amenipa. Nami nimemlipa samaki.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia shuleni nikamkumbatia. Nilichofanya ni kulikunja gunia lile mara nne, nikalirudisha lilipokuwa, nikalificha kwa beseni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshasema. Nilishamwambia mdogo wangu, nilishawaambia walimu, nilishasimama mbele ya wazazi. Nilihitaji muda wa kufikiri, ndivyo nilivyojiambia, na wakati mimi nafikiri, mtoto alilala kwenye simiti usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa, akikohoa, na mimi ng'ambo ya ukuta namsikia. Ijumaa asubuhi niligusa godoro, nikasema "vizuri sana," na nikambandikia nyota. Najua nilichokuwa najua nilipoibandika. Naona aibu hadi leo, na sina namna ya kuipunguza.

Jumamosi tukaenda ufuoni. Samaki akaletwa. Alikuwa ameshang'oa pezi la kwanza nilipomwambia, kwa sauti ya chini, "Nimeona gunia."

Aliacha kula. Akafuta vidole kwenye gauni lake, kimoja kimoja. Kisha akaisukuma sahani taratibu hadi ikafika upande wangu wa meza.

"Chukua, Anti. Hii si yangu."

"Kula tu, nyathina, mwanangu."

"Na zile zingine nilikula?"

Mama aliyekuwa akikaanga alituangalia, akadhani mtoto anadeka, akasema kwa mzaha kwamba kama hataki atamla yeye.

"Utaambia mama?" mtoto aliniuliza.

"Sitamwambia."

Akashusha pumzi. Alifikiri ninamfichia yeye. Nami nikamwacha afikiri hivyo. Yule samaki tulimwacha mezani akiwa mzima isipokuwa pezi moja.

Nilichoma ile kalenda. Nilinunua nailoni nene ya kufunika godoro, nikamwambia alale kitandani na akikojoa tutafua, basi. Nilimwomba msamaha pia, lakini kwa maneno mengi ya kiualimu, na sidhani aliyaelewa. Jioni nilimlaza kitandani mwenyewe. Asubuhi nilimkuta chini. Tuliendelea hivyo mpaka mama yake aliporudi na kumchukua kwenda Usenge, na huko, baada ya miezi michache, akaacha kukojoa bila mtu kumfanyia lolote. Kifua hakikumwacha. Mvua za Aprili zikianza, hukohoa. Mdogo wangu hudhani ni vumbi la Kondele, na kila Krismasi hunishukuru mbele ya watu kwa kumlelea mwanawe.

Sasa ni msichana wa chuo, hapa hapa mjini, mrefu kuliko mimi, mcheshi. Ananiita Anti, ananiletea maparachichi, ananitengenezea simu ikikwama. Nilishaanza kuamini kwamba yamesahaulika. Wiki iliyopita alikuja kulala kwangu kwa mara ya kwanza tangu utoto, kwa sababu hosteli yao ilikuwa imefungwa. Siku hizi nina nyumba ya vyumba vitatu, kuna chumba cha wageni. Nikamtandikia shuka jipya, jeupe, nililokuwa nimeliweka muda mrefu.

Asubuhi alikuwa jikoni anachemsha chai nilipopita kufungua dirisha la chumba kile. Blanketi lilikuwa limekunjwa chini, juu ya vigae, karibu na ukuta. Shuka lilikuwa na mistari yake yote.

Nilisimama pale mpaka akaja na vikombe.

"Hukulala kitandani," nilisema.

Akatazama kitanda, akacheka kidogo kwa aibu.

"Ai, Anti, usijali. Hosteli mimi nalala kitanda. Kwa mama pia nalala tu vizuri. Ni hapa kwako." Akaninyooshea kikombe. "Nikiingia hapa kwako mwili yenyewe inakataa."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anaeleza tu, namna mtu anavyoeleza kwamba hapatani na maziwa. Akaenda kutafuta mswaki wake. Niliweka chai dirishani, nikalitoa lile shuka kitandani, nikalikunja nikifuata mistari ile ile na kulirudisha kabatini, maana halikuhitaji kufuliwa.