Risasi Iliyovunjikia Begani

Kambini walimwita Mama Chumvi, na jina lilimkaa, maana kwa miaka ishirini na mmoja kazi yake ilikuwa kuchuna wanyama waliowindwa, kuzipaka ngozi chumvi na kuzianika. Alikuwa mwembamba, mwenye mdomo mkali, na hakujua kukaa bure. Lakini asubuhi ile alipitiliza. Alifagia banda la kuchunia, akalifagia tena, akanoa visu vilivyokuwa vikali tayari, akaenda mlangoni, akarudi. Mpishi alimuuliza kama ana siafu ndani ya viatu.

Siafu wake walikuwa kwenye mifuko ya aproni. Mfuko wa kulia ulikuwa na risasi nono, nzima, iliyofunguka mbele kama uyoga. Wa kushoto ulikuwa na vipande vya shaba, vidogo, hata kijiko havijazi.

Vyote alivitoa ndani ya kongoni mmoja, jana yake. Mama Chumvi hakuwahi kufyatua bunduki maishani, lakini hakuna aliyezijua risasi kama yeye, kwa kuwa yeye hukutana nazo zikishamaliza safari. Risasi nzuri huingia, hufunguka, husonga hadi ndani ikiwa kitu kimoja, na yeye huikuta imekwama chini ya ngozi ya upande wa pili. Risasi mbaya hupasukia juu juu. Vile vipande vilikuwa vimepasukia kwenye mfupa wa bega, vikachimba jeraha pana kama sahani, basi. Mapafu hayakuguswa. Hiyo ilikuwa risasi ya mgeni, daktari wa meno aliyekuja kuwinda kwa wiki moja. Ile nzima ilikuwa ya mdogo wake.

Huyo mdogo wake, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, ndiye aliyekuwa akiwaongoza wageni porini. Kazi yake ilikuwa kusimama hatua moja nyuma ya mgeni na kumlinda. Kwa huyu daktari alizidisha wema: mgeni akifyatua, naye anafyatua papo hapo. Daktari, masikio ameyaziba kwa kuogopa kishindo, anasikia mlio mmoja, anamwona mnyama chini, anapiga picha. Siku tatu, wanyama watatu. Alikuwa akitembea kifua mbele kama jogoo.

Kesho ilikuwa zamu ya nyati. Mwongozaji alimshauri abadilishe risasi. Hizo zake ni nyepesi na za kasi, zinafaa swala, na stoo kulikuwa na nzito, ngumu, zinazoingia bunduki yake ileile. Daktari alicheka. Abadilishe ya nini, wakati risasi tatu zimeangusha wanyama watatu? Hapo ndipo uongo ulipomgeukia mwongozaji mwenyewe.

"Nyamaza, dada," mdogo wake alimwambia walipokuwa peke yao. "Huyo nyati nitampiga mimi, kama hao wengine. Ukimwaga mtama, kazi sina."

Akanyamaza, na ndiyo maana alikuwa hashikiki. Nyati aliyeumizwa bega tu hujificha kichakani akawangoja wanaomfuata, na anayetangulia kumfuata ni mwongozaji. Mama Chumvi alimwogopea. Alichukua ndoo safi akaiosha.

Saa sita mchana Daktari aliingia bandani akitabasamu, mwongozaji nyuma yake.

"Mama, naomba ile risasi yangu ya kongoni. Nataka kuiweka ofisini, juu ya meza."

Nyuma ya bega la Daktari, mdogo wake alimsihi kwa macho: mpe ile nzima. Ingekuwa rahisi. Mgeni asingejua tofauti, angeondoka na furaha yake, na kesho angeenda na boksi lake lilelile. Mama Chumvi akatia mkono mfuko wa kushoto, akammwagia vipande kiganjani.

"Hii ndiyo yako." Kisha akatoa ile nzima. "Na hii ndiyo iliyoua. Ya mdogo wangu."

Daktari alivigeuzageuza vile vipande kwa kidole, kama anachunguza jino lililovunjika.

"Na wale wawili wa kwanza?"

"Nao pia."

Hakugomba. Alivitia vipande mfukoni akaenda kufunga mizigo. Kufika saa tisa gari lake lilikuwa limeshaondoka, na mwenye kambi ameshamwambia mwongozaji arudishe bunduki na funguo za stoo.

Mdogo wake alirudi bandani mikono mitupu.

"Umenimaliza, dada."

Mama Chumvi alikuwa na maneno ya kujitetea, gunia zima. Lakini mdogo wake alikaa juu ya magunia ya chumvi akaanza kuitazama mikono yake.

"Jana nilibahatisha tu," alisema taratibu. "Mikono inatetemeka tangu mnyama wa kwanza. Kwa nyati nisingewahi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mama Chumvi akamzaba kofi, la kwanza tangu alipokuwa mtoto. Kisha akakivutia kichwa chake kwenye aproni yenye damu na chumvi, akakishikilia kwa nguvu, na wote wawili wakalia.