Paka wangu Karani: pumu, vidonge vya kotisoni na sisimizi walioniamsha akili

Wakuu, salaam. Mimi ni mzee, mjukuu ndiye anayechapa. Haya yametoka kwenye daftari langu la ujanani. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Aprili 14, 1958, Matongo. Mvua tangu alfajiri, haina upepo.

Karani alikuwa paka wetu. Bila yeye panya wangemaliza mtama ghalani.

Alikuwa na pumu. Anajikunyata, shingo mbele, anakohoa, mbavu zinapanda na kushuka. Nikamhamishia gunia lake la kulalia karibu na jiko apate joto. (Likumbukeni hili gunia.)

Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, mtu mwema, alinipa vidonge vya kotisoni baada ya kunitania: "Huyo mgonjwa wako ana cheti?"

Nusu asubuhi, nusu jioni. Akapumua vizuri, sitaki kumsingizia dresa.

Ila miezi miwili baadaye akawa anamaliza bakuli zima la maji, anakula na bado anakonda. Siku hiyo ya mvua nikaona sisimizi wamejaa kibarazani alipokojoa. Nikakinga mkojo kwenye kopo, nikaenda nao zahanati.

Dresa akauchemsha na dawa ya bluu. Ukageuka rangi ya tofali. Hakutania tena.

"Sukari hiyo. Huenda ni vidonge, huenda alikuwa nayo. Ukiviacha ghafla, pumu itamuua. Ukiendelea hivi, sukari itamuua. Punguza kidogo kidogo, ila tafuta kwanza kinachomkaba."

Nilirudi mbio. Nikamkuta mama anafukiza kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto ili maziwa yanukie, kama kila siku. Moshi umetanda, na Karani katikati yake, juu ya gunia nililomwekea mimi.

Kumwambia mama aache kufukiza ni kama kumwambia hajui kazi yake. Nilimwambia.

"Kwa hiyo baba yako anywe maziwa yasiyo na harufu ili paka apumue?"

"Ndiyo, mama."

Akalimwagia kaa maji. Tangu kesho yake akawa anafukizia nje, nyuma ya ghala.

Karani aliishi miaka mitatu zaidi, kwa robo kidonge. Sisimizi hawakurudi. Kama ni moshi kupungua au vidonge kupungua, sijui hadi leo.

Nilichojifunza: kabla ya kuongeza dawa, angalia umemlaza wapi mgonjwa. Madaktari wa mifugo mliomo humu, nikosoeni bila kuniogopa uzee.

Jioni ile ya mvua tulikula ugali wa mtama na maziwa ya kibuyu kisichofukizwa. Baba akaonja, akamtazama mama, akamtazama paka.

Akaomba aongezewe.