Supape ya Tatu na Petroli ya Mashua

Wanunuzi wa vyuma walikuja kwangu mara nyingi. Wanasimama katika ua, wanatazama motoka ya bwana yangu iliyolala chini ya mabati, halafu wanatikisa kichwa kwa huruma ya uongo. "Mama, hii imekwisha kufa. Tuuzie kwa kilo." Kwa kilo! Kama vile nauza chisense, vile visamaki vidogo, iliyokauka juu ya muchanga! Niliwafukuza na mwiko mukononi, na mumoja akakimbia akaacha patapata moja, kandambili ya muguu wa kushoto. Sikumurudishia.

Majirani walisema mujane huyu ana kichwa ngumu. Ni kweli, ninacho. Lakini sikuwa na haja ya motoka ya kutembelea, soko la Kashikishi naenda kwa miguu yangu na sijachoka bado. Nilitaka kitu kimoja tu, na nitakisema wazi maana sina haya tena: nilitaka kuisikia ikifika nyumbani. Mara moja tu. Niwe jikoni, niisikie inakuja, kama zamani.

Ilikuwa motoka ya Kifaransa, nyeupe, ya kizamani sana, iliyotengenezwa kabla sisi wawili hatujazaliwa. Bwana yangu aliinunua kwa padri mumoja muzungu aliyekuwa anarudi kwao. Alipakia samaki humo, akapakia na watu juu ya samaki, akaenda mpaka Mwansabombwe na kurudi, na nguo zake zikinuka ziwa. Injini ilikuwa na mulio wake: ka-ka-ka-ka, kama mutu anayegonga sufuria na kijiko kidogo. Nilikuwa ninaisikia tangu kona ya kanisa. Hapo najua nina muda wa kusonga bukari, ugali wetu, na bukari itakuwa moto akikaa.

Mimi nilizaliwa ngambo ya ziwa, Kilwa, upande wa Kongo. Yeye alikuwa Muzambia wa hapa, alijifunza Kiswahili kwa kununua samaki kwetu, na alikisema vibaya mpaka mwisho. Alikuwa ananiita "mama yangu ya mapendo" katikati ya soko, watu wanacheka, naye haoni shida. Ndani ya nyumba tulisema Kiswahili. Homa ilimuchukua mwanzo wa mvua, na tangu hapo nyumba yote ikawa ya Kibemba. Siku nyingine nilikuwa ninasema peke yangu jikoni, ili ulimi usisahau.

Baada ya kilio, mulamu wangu, mudogo wake wa tumbo moja, akasema motoka ikikaa bure itaoza. Akachukua ufunguo wake. Kila siku ya Mungu, tukitoka kanisani, aliiwasha, akaiacha inguruma pale pale chini ya mabati, akaizima. Mimi nilikuwa nasimama mulangoni kusikiliza. Mwanzo ilikuwa sawa. Halafu ikaanza kutetemeka. Halafu ikawa inachechemea, inatoa moshi wa buluu na kukohoa kama muzee wa tumbako. Ule mulio wa ka-ka-ka ukapotea. Mwisho ikakataa kuwaka kabisa, na mimi nikalia kuliko nilivyolia siku tulipomuzika. Niseme nini? Ni hivyo.

Ndipo akakuja fundi, mutu wa upande wa Lubumbashi, mwenye kutengeneza injini kando ya barabara ya Kashikishi. Aliponisalimu tu, "Jambo mama, habari ya siku mingi," na hatujaonana hata siku moja, nikajua huyu ni wa kwetu. Nikamwambia shida yangu kwa Kiswahili, na maneno yakatoka mengi kuliko yaliyohitajika. Alisikiliza yote. Halafu akasema, "Bon. Acha kwanza niisikie yenyewe."

Aliisukuma na mulamu mpaka ikawaka kwa shida. Ikawa inaruka-ruka kama mbuzi amefungwa. Fundi akachomoa waya wa buji ya kwanza, ile inayotoa cheche, injini ikataka kufa. Akaurudisha. Wa pili, vilevile. Akachomoa wa tatu: injini haikubadilika hata kidogo, ikaendelea na kuchechemea kwake.

"Unaona, mama? Mu hii silinda ya tatu hakuna mutu wa kazi. Anakula bure."

Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona. Akapasua kipande cha gazeti, akakishika nyuma, mbele ya bomba la moshi. Moshi unapaswa kusukuma karatasi inje, si ndivyo? Injini ikaisukuma, ikaisukuma, halafu kwa gafula ikaivuta ndani, papo hapo, kama mutoto anayenyonya. Fundi akacheka kwa furaha, nami nikataka kumupiga.

"Ni supape," akasema. Supape ni vile vilango vidogo vya injini. Kimoja kinaingiza petroli, kingine kinatoa moshi, na kila kimoja lazima kifunge sawasawa. Wazambia wanasema valvu. Ya kutoa moshi, kwenye silinda ya tatu, ilikuwa haifungi, basi injini ilikuwa inavuta tena moshi wake yenyewe.

Alifungua kifuniko cha juu, akaniita nitazame. Akazungusha injini kwa mukono. Zote zilikuwa zinashuka na kupanda, zinashuka na kupanda, isipokuwa moja ilishuka ikabaki chini, imegandamana. Alipotoa kichwa chote cha injini na kuichomoa ile supape, ilikuwa imevaa masizi meusi, mazito, yenye kunata kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Akayanusa. Akaenda kwenye tanki, akanusa na huko. Akageuka polepole.

"Ni nani amekuwa anaipa motoka petroli ya mashua?"

Hapa ziwani, ile petroli inayouzwa ufukweni wanaichanganya na oili kabisa, kwa sababu injini za mashua zinataka hivyo. Mutu wa ziwa hafikiri mara mbili. Petroli ni ile. Lakini motoka ukiipa hiyo, tena ukaiwasha imesimama tu bila kutembea, ile oili inaungua taratibu na kuganda juu ya supape.

Mulamu wangu alikuwa amesimama pale na kofia mukononi. Ana mashua mbili, huyo. Mamaye! Nilimutukana kwa Kiswahili, nikamutukana kwa Kibemba, nikatafuta na Kifaransa kidogo nilichobaki nacho. Nilimwambia ameua ndugu yake mara ya pili. Nilipochoka, akasema, "Awe, hapana, mulamu. Mie pia nilitaka kuisikia." Akavaa kofia, akaenda.

Kumbe hatukuwa mujane mumoja pale uani, tulikuwa wawili. Kesho yake nilimupelekea samaki na bukari kwake, akapokea kwa mikono miwili, hatukusema habari ya petroli tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Fundi alikwaruza masizi, akazisaga supape kwa dawa yake ya kusagia, moja moja, akizungusha kijiti katikati ya viganja kama mutu anayetafuta moto. Alimimina petroli safi juu yazo kuona kama inapenya chini. Haikupenya. Akarudisha vyote, akapima nafasi za supape kwa kibati chembamba, akaiwasha.

Ilikuwa kimya. Niseme ilinguruma, lakini kwa adabu, laini, kama motoka ya mukubwa wa serikali. Fundi akajipiga kifua. "Mama, sikia! Mupya!"

"Si yenyewe," nikamwambia.

"Namna gani si yenyewe?"

"Yetu inalia. Ka-ka-ka-ka. Rudisha."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Akaeleza kwamba ule mulio ulikuwa ugonjwa, kwamba supape moja ilikuwa na nafasi kubwa mno na bwana yangu alikuwa mutu wa kuahirisha mambo. Nilijua hilo kuliko yeye! Mulango wa choo changu ungali unangojea musumari mumoja. Nikamwambia, "Baba, hii motoka haitakwenda Mwansabombwe tena. Itakuwa inakuja hapa tu. Legeza." Akakuna kichwa. Akasema kwamba bon, supape yenye kulia haiungui, ni ile iliyobanwa ndiyo inaungua, donke, basi, si hatari sana. Akachukua ufunguo wa kulegezea, akailegeza ile ya silinda ya tatu kidogo, nikasikiliza, akailegeza tena, mpaka nikasema hapo. Hapo hapo.

Halafu nikamuomba jambo la mwisho: aipeleke mpaka ngambo ya kanisa, angoje kidogo, airudishe nyumbani. Nikaingia jikoni, nikatia maji motoni.

Ikakuja. Tangu kona niliisikia. Ka-ka-ka-ka. Ilipita kwa mwenye kuuza mkaa, ikapunguza mwendo pale penye shimo, ikaingia katika ua. Nilikuwa ninasonga bukari na ninacheka, peke yangu, ninacheka! Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikatoka mbio nikipiga kelele, "Umekawia weye! Umekawia sana!"

Mulango wa motoka ukafunguka, fundi akashuka.

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Nililia mpaka yule mutu wa watu akaogopa, akainama mbele yangu na mikono yake ya oili, hajui aiweke wapi.

"Mama, nimekosa? Supape haikulia sawa?"

"Imelia sawa," nikamwambia. "Imelia sawa kabisa, baba. Lakini umeshuka weye."